Wakuu, natenganishaje sauti na picha kwenye Premiere bila efekti kupotea?

FundiPicha_Moro:
Wakuu habari za jioni. Nina video ya send-off, niko mwishoni kuihariri kwenye Premiere Pro. Kuna kipande cha hotuba nataka sauti itoke, picha ibaki ilivyo. Hofu yangu ni kwamba klipu hiyo nimeshaihangaikia sana: rangi nimeweka, slomo (mwendo wa polepole) kwenye sehemu za makofi nimeweka, mtetemo wa mkono nimeutuliza kwa Warp Stabilizer, na majina yanapita chini. Nikitenganisha si vyote vitaondoka? Mteja anataka kazi Ijumaa. Msaada tafadhali, nimekwama kabisa.

KataUunge:
Mkuu, efekti hazikai kwenye kiungo kinachoshika picha na sauti. Rangi na Warp Stabilizer viko upande wa picha, kupunguza kelele kuko upande wa sauti, kila upande una vyake. Chagua klipu, bofya kulia, Unlink, au Ctrl+L. Hakuna kitakachopotea. Kama unataka kufuta sauti tu, huna hata haja ya kutenganisha: shika Alt, bofya sauti peke yake, futa.
Pa kuwa makini ni kwenye slomo. Kama uliifanya kwa Speed/Duration, sauti nayo imevutwa. Ukitenganisha halafu ukabadilisha kasi ya upande mmoja, urefu hautalingana tena na mdomo utaachana na maneno. Kabla ya yote, bofya kulia kwenye sikwensi (mpangilio wako wote wa klipu) kwenye Project panel, Duplicate, ufanyie kazi nakala.

Mzaramo_Halisi:
Hamia DaVinci Resolve kaka, toleo la bure linatosha. Huko nako Alt inachagua upande mmoja. Ukionja rangi zake hutarudi nyuma.

FundiPicha_Moro:
Mkuu Mzaramo, siwezi kuhamia programu nyingine na kazi ni Ijumaa.

MamaWawili:
Mimi si fundi, ila nikisikia sauti ya hotuba inatolewa naumia. Kwenye video ya harusi yangu bibi alisimama akatuombea heri kwa Kiluguru. Mpiga video akaona hakuna anayeelewa, akaweka muziki juu. Bibi ameshatangulia. Nina picha yake anaongea, na wimbo ambao sikuuchagua. Hebu tuambie kwanza, unatoa hotuba ya nani na kwa nini?

FundiPicha_Moro:
Pole sana dada. Hii ni kelele tu, spika zilikuwa zinalia.

KataUunge:
Kelele inapunguzwa, haifutwi na maneno yake. Kuna DeNoise, na matoleo mapya yana Enhance Speech, inasafisha maneno vizuri. Na kama spika zingekuwa zinalia, zingelia kwenye hotuba zote. Wewe unasema kipande kimoja. Sema vizuri tukusaidie.

FundiPicha_Moro:
Sawa. Baba mkubwa wa bibi harusi alishika maiki akatangaza anawapa maharusi kiwanja Kihonda. Ukumbi ukalipuka. Sasa huyo mzee ndiye aliyelipia video. Kanipigia, anasema alitaja kiwanja kwa furaha tu, kile kina mambo na ndugu zake, nitoe hayo maneno niweke muziki. Kianzio nilishapokea na nimeshaitumia kukodi lenzi. Mimi sioni ubaya, mwenye pesa ndiye mteja. Hata wapiga picha wa mitandao wanakata wasiyoyataka.

Wakili_Mtaani:
Usijidanganye. Kiwanja hakihami kwa maiki ya ukumbini, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi. Kwa hiyo hata ukiyaacha maneno, mzee hanyang'anywi kitu. Ila wewe ukiyafuta, na ndugu wakaja kugombana, utaitwa kueleza. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kumbukumbu ya kielektroniki inapokelewa kama ushahidi, na watauliza ilihifadhiwaje na nani kaigusa. Jibu lako litakuwa nini?

Chumvi_Nyingi:
Baba mkubwa kaahidi kiwanja, keshokutwa atataka na keki irudishwe 😂😂

KataUunge:
Turudi kwenye kazi. Umesema ukumbi ulilipuka. Ukifuta maneno ukaacha vigelegele, watu watashangilia mzee aliyenyamaza. Ukifuta vyote, mdomo unaenda na wageni wanasimama, kimya. Muziki hauzibi hilo, kila aliyekuwepo anajua pale palikuwa na nini. Na nusu ya ukumbi walirekodi kwa simu.

Mzaramo_Halisi:
Kweli hapo. Kule kwetu Chalinze mjomba aliahidi ng'ombe, kila mtu alikuwa nayo kwenye statasi kabla maharusi hawajakata keki.

JichoLaTatu:
Ngojeni kwanza. Premiere inakataa kuweka Warp Stabilizer na kubadilisha kasi kwenye klipu moja mpaka uinesti, yaani uifunge ndani ya sikwensi yake. Mtu aliyefika hapo hajui Ctrl+L? Na hii akaunti ina uzi huu mmoja tu. Mimi naona hii habari imetungwa. Huyu si mpiga video, huyu ni bwana harusi kapewa video iliyokatwa, anatafuta namna ya kujua ilikatwaje.

Chumvi_Nyingi:
Shemeji karibu jukwaani 🙌

Wakili_Mtaani:
Kama ni bwana harusi basi nabadilisha ushauri. Usipoteze muda na faili la mwisho, humo muziki na maneno vimeshachanganywa, na palipofutwa hapana cha kurudisha. Dai faili la kamera.

MamaWawili:
Kama ni yeye, Mungu amsaidie. Mbona mnamhukumu lakini?

FundiPicha_Moro:
Jamani mimi ni mpiga video, niko Morogoro. Kunesti nilifuata mafunzo ya YouTube hatua kwa hatua, sikuwa nimewahi kugusa upande wa sauti. Alt imekubali, efekti zote zipo. Nimenakili sikwensi: moja ina hotuba nzima, nyingine nimekata maneno na vigelegele nikajazia sauti ya ukumbi. Mzee atapewa iliyokatwa. Hiyo nimeshaamua, bado ana salio langu.

JichoLaTatu:
Weka picha ya taimulaini.

FundiPicha_Moro:
Siwezi kuweka sura za watu hapa.

KataUunge:
Hiyo ni sahihi, usiweke. Mpe mzee ya kwake, lakini mwambie kwa ujumbe wa maandishi kwamba umekata kwa ombi lake, ili ajibu na wewe ubaki na jibu. Kwenye taimulaini panga mkato wa picha palepale, hamia kwa bibi harusi au wageni mzee anapotaja kiwanja, mdomo usionekane. Kadi za kamera usizifute.

MamaWawili:
Na bibi harusi je? Send-off ni yake.

FundiPicha_Moro:
Dada, jana kanipigia anauliza kama hotuba ya baba mkubwa ipo nzima. Nikamwambia bado nahariri.

MamaWawili:
Ile sikwensi nzima itoe leo, uiweke kwenye flashi yenye jina lake.

KataUunge:
Itoe kwa muundo wa H.264, sauti 48000 Hz kama ya kamera. Ukiitoa njoo useme.