Naomba ushauri: zimebaki wiki 9 kabla ya majaribio, niruke mara ngapi kwa wiki ili kasi yangu irudi?

Winga wa Kushoto

Wakuu, nawasalimu nyote. Mimi ni mchezaji wa mpira wa miguu, nina umri wa miaka 22. Baada ya wiki 9 nina majaribio katika timu niliyoitamani tangu utotoni, lakini kasi yangu ya hatua kumi za kwanza imepungua kiasi kwamba mabeki niliokuwa nikiwaacha sasa wananifikia kabla sijausukuma mpira mbele. Nimesoma kwamba mazoezi ya kuruka, yaani plaiometriki, yakichanganywa na vyuma vizito huongeza nguvu za mlipuko. Swali langu ni moja tu: ni mara ngapi kwa wiki mtu anaweza kuruka kutoka juu ya boksi la sentimita 60 bila kuichosha miguu, na je, skwati nzito, yaani kuchuchumaa na kuinuka nikiwa na chuma mabegani, niifanye siku hiyo hiyo au siku nyingine? Naomba majibu ya kitaalamu, kwa sababu muda umenibana na usiku usingizi hauji.

Mzee wa Vyuma

Kijana, karibu. Kabla hujafikiria kuruka, jiulize unakimbia kilomita ngapi kwa wiki. Mwaka 1980 Robert Hickson alichapisha utafiti wa wiki 10 ambamo kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu peke yake, la pili stamina peke yake, na la tatu yote mawili kwa pamoja. Kwa kundi hilo la tatu nguvu za miguu zilipanda hadi kama wiki ya 7, zikasimama, kisha wiki za mwisho zikaanza kushuka, ilhali wenzao wa vyuma pekee waliendelea kupanda. Mimi nimefundisha watu kunyanyua vyuma kwa miaka 20, na kila anayenijia akilalamika kwamba hana mlipuko, nikimdadisi nakuta anakimbia mbio ndefu kila asubuhi. Zipunguze, fanya skwati ya uzito mkubwa kwa marudio machache, na kasi itarudi yenyewe.

Mkimbiaji wa 400

Mzee wangu, heshima yako, lakini ni haki kuongeza kwamba watu wa Hickson walifanya vyuma siku 5 kwa wiki na stamina siku 6, kiwango ambacho wachezaji wengi hawakifikii, kwa hiyo tusimtishe kijana kwa mbio zake. Kinachonishangaza ni kwamba hakuna aliyegusia misuli ya nyuma ya paja. Mimi ilinichanika mara tatu ndani ya misimu miwili, na mara ya tatu nilihisi kama kamba inayokatika nikiwa nimebakiza mita 60 tu kumaliza. Kilichoniokoa ni zoezi la Nordiki, lile la kupiga magoti, mwenzako akakushika vifundo vya miguu, nawe ukajishusha mbele polepole mpaka ushindwe kujizuia. Huko Denmaki walilijaribu kwa timu 50 zenye wachezaji 942, na matokeo yalichapishwa mwaka 2011: upande uliolifanya ulipata majeraha 15 ya misuli hiyo, upande wa pili 52. Wiki ya kwanza sikuweza kukaa kwenye kiti bila kushika meza kwa mikono miwili, lakini tangu hapo sijachanika tena. Winga yeyote anayetaka kasi na halifanyi zoezi hili anajidanganya.

Tabibu wa Viungo

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili, na kuna jambo hujalisema. Mtu wa miaka 22 anayefanya mazoezi hapotezi kasi ya hatua kumi za kwanza bila sababu. Imepungua tangu lini, na kabla haijapungua kulitokea nini?

Winga wa Kushoto

Asante sana, dada Tabibu. Nilipata jeraha la goti la kushoto miezi saba iliyopita, lakini hilo limeshapita, goti halivimbi wala haliumi na nakimbia bila shida yoyote. Ningependa turudi kwenye ratiba ya kuruka, kwa sababu nimeshaianza na ninachohitaji ni kuirekebisha tu.

Tabibu wa Viungo

Ni jeraha gani la goti? Ulifanyiwa upasuaji?

Mkimbiaji wa 400

Swali la dada ni la msingi, ndugu. Tukikujibu bila kulijua hilo tutakuwa tunakupa dawa ya mtu mwingine.

Winga wa Kushoto

Sikutaja tangu mwanzo kwa sababu nilijua mtaacha swali langu na kunihubiria. Ndiyo, ilikatika ligamenti ya mbele ya goti, ile inayoitwa ACL, na nilifanyiwa upasuaji miezi mitano iliyopita. Kipandikizi kilichukuliwa kutoka kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti. Lakini naomba mnielewe. Daktari aliniruhusu kukimbia, na nimepimwa: kwenye kuruka mbele kwa mguu mmoja nimefika mita 1.78 kwa kushoto na mita 1.86 kwa kulia, sawa na asilimia 96, na kila mahali nimesoma kwamba ukifika 90 umefuzu. Ni kweli kwamba kwenye mashine ya kupima nguvu za kunyoosha goti nilipata asilimia 71 ya mguu wa pili, ila mpira hauchezwi ukiwa umeketi kwenye mashine. Fiziotherapia niliiacha wiki tatu zilizopita kwa sababu mazoezi yalikuwa yale yale, na timu nimeshaithibitishia kwamba nitafika nikiwa mzima. Nafasi ya namna hii haitanijia mara mbili.

Bi Nidhamu

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Watu wazima wamekaa wanakufikiria, wamekuandikia aya nzima kuhusu mapaja na mbio, na wewe umelificha goti lililopasuliwa. Na hao wa timu uliowaambia wewe ni mzima, wakija kujua utawatazama kwa uso gani? Nimelea vijana wanne wanamichezo chini ya paa moja, na jambo lililonigharimu machozi zaidi ni kusikia "niko sawa, mama" kutoka kwa mtoto anayechechemea. Kwanza sema ukweli kwa wanaokusubiri, halafu ndipo tuzungumzie maboksi.

Kipenga

Wana jukwaa, samahani, lakini mimi hadithi hii siiamini. Mwanzoni goti liliumia miezi saba iliyopita, sasa imekuwa mitano. Mwanzoni ni jeraha lililopita, sasa ni upasuaji mkubwa wenye kipandikizi. Na kubwa kuliko yote, anasema anaruka kwa asilimia 96 ilhali misuli ya mbele ya paja ina asilimia 71. Namba hizo haziwezi kukaa katika mwili mmoja, kwa sababu mtu anaruka kwa nguvu za paja hilo hilo. Hapa jukwaani wameshakuja watu wenye kazi ya darasani wakaivika nguo za mgonjwa ili wajibiwe bure. Naomba tusipoteze muda mpaka alete uthibitisho.

Mzee wa Vyuma

Nami nimeanza kuwa na wasiwasi. Nimeona miguu mingi, na mguu dhaifu kiasi hicho hauruki mita 1.78. Kama ni mtihani wa mwanafunzi, aseme, tutamsaidia kama mwanafunzi.

Winga wa Kushoto

Nimeumia kusoma maneno hayo. Miezi saba ni tangu siku goti lilipogeuka uwanjani, na mitano ni tangu upasuaji, kwa sababu walisubiri kwanza uvimbe ushuke na goti linyooke. Karatasi za hospitali siwezi kuziweka hapa zikiwa na jina langu. Ninachoweza kuwaeleza ni kile ninachokiona kila siku: nikisimama mbele ya kioo, paja la kushoto ni jembamba juu kidogo ya goti, pale ambapo kulia kuna uvimbe wa msuli wenye umbo la tone la maji. Nikifanya skwati na kilo 80, mwenzangu anayenisimamia nyuma anasema chuma kinainama upande wa kulia ninapoanza kuinuka. Nikitua kutoka kwenye boksi, nasikia kiatu cha kulia kikigonga kwanza. Namba zile ndizo nilizopewa, na hata mimi sikuelewa kwa nini hazipatani. Nikaamua kuamini ile nzuri.

Tabibu wa Viungo

Ndugu Kipenga, umeuliza swali zuri ukalijibu kwa haraka. Namba hizo mbili hukaa katika mwili mmoja mara nyingi sana, na kwangu mimi ndizo zinazonifanya nimwamini. Umbali wa kuruka mbele kwa mguu mmoja hutegemea sana nyonga na kifundo cha mguu. Mtu ambaye goti lake ni dhaifu hujifunza, bila hata kujua, kuinamisha kiwiliwili na kuihamishia kazi nyonga, na futi ya kupimia iliyotandazwa sakafuni haiwezi kuona hilo. Watafiti wa Aspetar, hospitali ya tiba ya michezo kule Katari, akiwemo Kotsifaki, walipima kwa kamera na sahani za kupimia nguvu wanamichezo waliokuwa wamekaribia kurudi mchezoni baada ya upasuaji wa ACL, wakakuta kwamba umbali wa miguu miwili ulikuwa karibu sawa, lakini goti lililopasuliwa lilikuwa linafanya kazi pungufu. Kuruka juu kwa mguu mmoja huliumbua goti zaidi kuliko kuruka mbele.

Kuna mtego wa pili. Tunaposema asilimia 90 tunaulinganisha mguu ulioumia na ule mzima, lakini huo mzima nao umekaa miezi bila mazoezi yake ya kawaida na umepungua. Wellsandt na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba ulinganisho huo unaweza kulipamba goti kuliko lilivyo, na kwamba ni salama zaidi kuulinganisha na nguvu za mguu mzima zilizopimwa kabla ya upasuaji. Kwa hiyo hata hiyo 71 yako, mdogo wangu, huenda ni ndogo zaidi ukiipima kwa kipimo cha haki.

Sasa nizungumze na wewe moja kwa moja. Utafiti wa Norwe uliochapishwa mwaka 2016 na Grindem na wenzake uliwafuatilia watu 106 kwa miaka miwili baada ya upasuaji kama wako. Kila mwezi mtu aliochelewa kurudi kwenye michezo ya kukata kona na kugeuka, mpaka mwezi wa 9 tangu upasuaji, ulipunguza kasi ya kuumia goti tena kwa asilimia 51. Waliorudi bila kufuzu vipimo, asilimia 38 waliumia tena. Waliofuzu, chini ya asilimia 6. Miongoni mwa vipimo hivyo, nguvu za misuli ya mbele ya paja, hizo unazosema ni za kwenye kiti, ndizo zilizojitokeza wazi katika kutabiri nani ataumia. Majaribio yako yatakukuta mwezi wa 7 tangu upasuaji.

Swali lako la mwanzo nalo nitalijibu, kwa kuwa uliuliza kwa nia njema na hakuna aliyekujibu. Kwa mguu ulivyo sasa, boksi la sentimita 60 liondoke kabisa. Kutua kwa miguu miwili kutoka kimo cha chini, siku 2 kwa wiki zikiachana kwa angalau saa 48, kunatosha, nawe hesabu kila mguso wa miguu na uishie hapo unapochoka, kwa sababu kutua ukiwa umechoka ndiko kunakofundisha mwili kulikwepa goti. Kazi kubwa ya wiki zako iwe kuijenga misuli ya mbele ya paja kwa mguu mmoja mmoja, maana kwenye skwati ya miguu miwili mguu wa kulia utaendelea kumbebea mwenzake, kama chuma kinachoinama kinavyokuonyesha.

Kipenga

Dada Tabibu, nimejifunza, na neno langu nimeliondoa. Ndugu Winga, naomba radhi. Nilikuwa nimeshikilia kwamba ukiruka mbali basi una paja.

Winga wa Kushoto

Nimekubali radhi, kaka. Nimerudi sasa hivi kutoka uwanjani. Nilipaka chaki kwenye vidole, nikasimama ubavuni mwa ukuta na kuruka juu kwa mguu mmoja, mara tatu kila upande. Kulia nimepanda sentimita 23 juu ya alama ya kusimama. Kushoto nimepanda 14. Nilirudia mara ya nne kwa kudhani nimekosea, ikawa 14 tena, na mwenzangu hakusema neno.

Majaribio sijayafuta. Nimemwandikia kocha anayeyasimamia, nikamweleza tarehe ya upasuaji na namba zote mbili, na kumwomba anitazame baada ya mwezi wa 9 tangu upasuaji; hajajibu. Fiziotherapia nimepata nafasi Alhamisi. Je, kwenye mashine ya kunyoosha goti nianze na kilo ngapi?

Tabibu wa Viungo

Kilo usizichukue kwangu, kwa sababu kipandikizi chako kimetoka kwenye kano ya mbele, na pembe ya kufanyia kazi lazima ipangwe na mtu anayeligusa goti lako kwa mkono. Alhamisi nenda na karatasi ya vipimo vya kabla ya upasuaji, kama ulipimwa, pamoja na video ya skwati iliyopigwa kutoka nyuma, chuma kikionekana chote kutoka ncha hadi ncha. Na hizo sentimita 14 mwambie yeye kabla hujamwambia zile mita 1.78.

Winga wa Kushoto

Nitafanya hivyo. Video mwenzangu ameshaipiga.