Nastaafu mwezi wa sita: mchango wa SHA utakuwaje, na Mama nimtie wapi?

Mwana wa Mkomani (Lamu)

Assalaamu alaykum wakubwa na wenzangu. Natimiza miaka 60 mwezi wa sita, kazi ya serikali inakwisha. Mshahara ghafi ni shilingi 80,000 na mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, hukatwa 2,200 kila mwezi. Mke wangu ameajiriwa katika shule ya kibinafsi, ghafi 45,000, naye hukatwa ya kwake. Kijana wetu ana miaka 22, yuko chuoni Mombasa, masomo ya kutwa. Mama ana miaka 78, twakaa naye katika nyumba ya mawe ya urithi, na wenye haki katika nyumba hiyo ni ndugu watano.

Nauliza: pensheni nayo itakatwa asilimia 2.75 kama mshahara? Mama anaweza kuingia katika bima yangu? Na kuna njia ya halali ya kupunguza mzigo? Kuna walioniambia nikae nisilipe mpaka nitakapougua.

Karani Mstaafu (Malindi)

Waalaykumu salaam. Nianze na hilo la pensheni, maana ndipo wengi wanapokosea. Asilimia 2.75 ya kukatwa moja kwa moja ni ya mshahara. Pensheni si mshahara. Mtu akitoka kazini na nyumba yake haina mwenye mshahara, huhesabiwa pamoja na wavuvi, wakulima na wenye maduka: mchango hupatikana kwa kupimwa uwezo wa nyumba nzima, na hulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

Upimaji haukuulizi pensheni yako tu. Unauliza paa ni la nini, kuta na sakafu, maji yanatoka wapi, mnapikia nini, mko wangapi, mnamiliki nini. Kutokana na majibu hayo mfumo hukisia kipato cha nyumba na kutoa kiasi cha kulipa. Hapo ndipo watu wa Lamu na Malindi ya kale wajihadhari. Nyumba ya kuta za matumbawe na boriti inaonekana ya tajiri kwenye fomu, hata kama wenyewe wanakula kwa pensheni ya mzee mmoja. Jibu kweli, kwa sababu kutoa habari za uongo kwa makusudi ni kosa kisheria. Lakini jibu kwa uangalifu: usiandike kuwa nyumba ni yako peke yako ikiwa ni ya ndugu watano, na usisahau kumhesabu kila mtu anayekutegemea. Kosa la kawaida ni kijana wa mtaani kumjazia mzee fomu kwenye simu kwa dakika tatu, akaacha watu wawili na kuongeza vitu visivyokuwapo. Mfano, ukipangiwa 780 kwa mwezi, hiyo ni 9,360 kwa mwaka, na yote yatakiwa kwa pamoja.

Kiasi kikitoka kisichoendana na hali, usikilipe kwa kunung'unika. Omba kipitiwe upya katika ofisi ya SHA ya kaunti, na uende na karatasi: hati ya pensheni, hati ya mirathi ya nyumba, vyeti vya kuzaliwa vya wategemezi.

Bi Hesabu (Shela)

Shikamoo Karani. Uliyoyasema ni sawa kwa mzee ambaye nyumba yake yote imestaafu. Kwa ndugu yetu huyu bado hayajafika, naye asikimbilie kupimwa uwezo.

Tazama: mkewe bado ana mshahara. Yeye hukatwa asilimia 2.75 ya 45,000, yaani 1,237.50, awe na wategemezi au asiwe nao. Mchango huo unamkinga yeye, mume wake na watoto. Kwa hiyo, kuanzia siku mshahara wako unapokoma, njia rahisi kuliko zote ni wewe kuwa mtegemezi wa mkeo. Gharama ya kuongezwa kwako ni sifuri. Nyumba iliyokuwa ikitoa 3,437.50 kwa mwezi itatoa 1,237.50, na hakuna aliyedanganya wala kujificha. Wako wanaolipa mara mbili miaka nenda rudi kwa sababu mume aliona haya kuandikwa chini ya mke. Haya hiyo ina bei, na inalipwa kila mwaka.

Kijana wa miaka 22 naye anaendelea. Mtoto hukingwa mpaka miaka 21, na akiwa katika masomo ya kutwa hufika 25. Ila kwa sasa huenda ameandikwa chini yako. Ukihamia kwa mama yake bila kumhamisha kijana, ataugua Mombasa na kuambiwa hana kinga. Wahamisheni siku moja.

Namna ya kufanya: hakikisha makato ya mshahara wako wa mwisho yamefika. Mwajiri anatakiwa awe amepeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kisha mkeo aingie kwa *147# au afyayangu.go.ke na kukuongeza wewe na kijana. Mfumo ukikataa kwa kuwa wewe tayari ni mchangiaji mkuu, msirudie mara kumi. Nendeni ofisini nyote wawili na vitambulisho vya taifa, cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha kijana. Waliooana zamani bila karatasi waanze kwa Kadhi mapema, maana cheti hicho kinachukua muda. Jambo jingine dogo linaloangusha wengi ni laini ya simu. Ikiwa laini ya mzee imesajiliwa kwa jina la mjukuu, ujumbe wa uthibitisho utakwenda kwa mjukuu.

Mama hawezi kuingia, si kwako wala kwa mkeo. Wazazi si wategemezi katika bima hii. Anasajiliwa peke yake na kupimwa uwezo wake yeye. Mjibu maswali kwa niaba yake lakini kwa mali yake, si kwa gari lako. Akionekana hajiwezi, sheria inaitaka serikali kuu imlipie. Akipangiwa kiasi, ninyi watano gawaneni: 3,600 kwa watano ni 720 kila mmoja kwa mwaka mzima.

Mwana wa Mkomani (Lamu)

Bi Hesabu, Mungu akuzidishie. Hilo la mke halikunipitia kabisa akilini. Je, shule yake ikichelewesha makato? Na wale wanaosema nisubiri kuugua, wana hoja?

Bi Hesabu (Shela)

Ikichelewesha, nyote mnabaki nje, hilo ndilo tundu la njia hii. Kila ifikapo tarehe 12 au 13 angalieni hali ya kinga kwa *147#. Hati ya mshahara kuonyesha makato si ushahidi kwamba fedha zimefika. Mkikuta hazijafika, mke aandikie mwajiri na aweke nakala. Naye atakapostaafu, siku hiyo ndipo maneno ya Karani yanaanza kuwahusu, kwa hivyo pimweni uwezo mwezi mmoja kabla na muwe na fedha za mwaka tayari.

Kusubiri kuugua, hapana. Kinga hutazamwa unapofika hospitali. Ikiwa imelala, bili ni yako. Kusafisha figo kumepangiwa 10,650 kwa kila kikao, mpaka vikao vitatu kwa wiki. Hiyo ni 31,950 kwa wiki moja. Linganisha na 3,600 ya mwaka.

Asiyeweza mkupuo aulize mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Swali la kuuliza kabla ya kukubali: fedha hizi ni akiba yangu au ni mkopo? Akiba haiwashi kinga mpaka itimie. Mkopo una gharama yake.

Muuguzi wa Zamu (Malindi)

Naongeza upande wa hospitali, kwa sababu wastaafu wengi hawaumizwi na mchango bali na shilingi mia tano za kila wiki zinazotoka mfukoni.

Matibabu ya kutolazwa katika zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3, hugharimiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi. Huo unataka uwe umesajiliwa tu, hautaki uwe umelipa mchango. Kwa hiyo Mama asajiliwe leo, hata kabla ya kiasi chake kujulikana. Dawa za presha na sukari na vipimo vya kawaida vianzie zahanati iliyo karibu. Tabia ya kwenda hospitali ya King Fahd huko Lamu au ya Malindi kwa kila kikohozi ndiyo inayokula pensheni: hizo ni hospitali za ngazi ya juu zaidi, na mfuko wa zahanati haukufuati huko. Zahanati ikishindwa, omba barua ya rufaa, na uiombe mchana, si usiku ambapo boti ya kuvuka kwenda Mokowe inakodiwa peke yako.

Kwa kulazwa au upasuaji, kabla ya kutia sahihi, uliza mambo haya: hospitali ina mkataba na SHA kwa huduma hii hasa? SHA italipa kiasi gani? Nyongeza yangu ni shilingi ngapi? Taka jibu kwa maandishi. Hospitali ya kibinafsi inaweza kuwa na bango la SHA mlangoni na bado ikadai nyongeza kubwa. Kwa ugonjwa mkubwa ukimaliza kiwango cha bima ya kawaida, kuna Mfuko wa Dharura, Maradhi Sugu na Mahututi, nao huanza pale cha kwanza kilipoisha. Uulizie kwa jina, usisubiri kutajiwa.

Karani Mstaafu (Malindi)

Bi Hesabu kanisahihisha, nami nakubali. Kwa wasomaji ambao bado wana miaka mitano au kumi kazini niongeze hili. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mchango wa SHA huondolewa kwenye kipato kabla ya kodi, na vivyo hivyo fedha unazoweka katika mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu, mpaka 15,000 kwa mwezi. Mwenye mshahara wa 80,000 akiweka 5,000, anapunguziwa kodi ya 1,500, kwa hiyo kilichomtoka hasa ni 3,500. Muulize msimamizi wa mfuko wako wa pensheni kama anayo sehemu hiyo. Faida hii ni ya anayelipa kodi ya mshahara, basi ndugu yetu wa Mkomani imebaki miezi michache tu. Mkeo lakini ana nafasi: kwa 45,000 yake, hata 1,000 kwa mwezi inamrudishia 300 ya kodi.

Mwana wa Mkomani (Lamu)

Nimeelewa. Jumatatu twaenda ofisini mimi na mke, na cheti cha ndoa kimeshatolewa sandukuni. Mama nimemsajili usiku huu kwa laini yake mwenyewe.