Chuma mguuni huu mwezi wa tano tangu kiwekwe, usaha bado unatoka. Kitolewe?

Mwana Tandahimba
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu alivunjika muundi kwa ajali ya bodaboda, mfupa ukatokeza nje. Akasafishwa, akawekewa chuma cha ndani chenye skrubu juu na chini. Sasa pana kitundu chini ya goti: kinafunga siku nne, kinafumuka tena na usaha. Kila kikifumuka ananunua vidonge duka la dawa. Nyumbani wengine wanataka chuma kitolewe, wengine akakandwe kwa mafuta ya moto.

Ngalawa ya Mikindani
Pole mkuu. Kukanda sahau. Chuma kitolewe au kiachwe, picha ndiyo itakayosema. Apigwe mbili, ya mbele na ya ubavu, goti na kifundo vyote vionekane. Hapo mfupa una kuta nne, mbili kwa kila picha. Mfupa mpya ukiwa umevuka ufa kwenye kuta tatu, umeunga. Ukiunga, chuma hutolewa na uwazi wa ndani hukwanguliwa, maana vijidudu hujijengea utando juu ya chuma na dawa haiupenyi vizuri. Haujaunga lakini chuma kimeshika? Mara nyingi huachwa, dawa zikituliza usaha mpaka uunge. Kikishalegea hakina faida: kinatoka, mguu unafungwa antena, yaani vyuma vya kushikilia mfupa kwa nje.

Bi Kipusa
Hivyo vidonge vya kuokoteza ndivyo vinavyowapotezea muda. Na pamba ya kuchovya tunduni hudanganya, inaokota vijidudu vya ngozi. Vinatakiwa vipande vya nyama na mfupa kutoka ndani, vitano hivi, kila kimoja na kichupa chake. Kama hana homa, daktari humsimamishia antibayotiki wiki 2 kabla ya kuvichukua, la sivyo maabara inaweza isioteshe kitu. Homa ikipanda au mguu ukivimba na kuwa wa moto, msingoje hizo wiki, ni hospitali siku hiyohiyo.

Mtwara Kuchele
Sigara je? Zinachelewesha mfupa kuunga. Mkienda Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mitengo, Mtwara, bebeni picha zote tangu ya kwanza na karatasi ya oparesheni. Kila aina ya chuma ina kifaa chake cha kuking'oa. Wasipojua aina wanaweza kufungua mguu wakakwama.

Mwana Tandahimba
Asanteni sana. Anavuta, pakiti kwa siku. Karatasi hatukupewa.

Mtwara Kuchele
Nendeni masjala ya hospitali aliyopasuliwa na namba ya faili, ombeni nakala. Wakiuliza mnataka nini hasa, semeni aina ya chuma, urefu na unene wake.