Boti ya alumini futi 14 na mashini ya mtumba: mimi ni mtu wa mbao, nisaidieni

Mwana wa Seremala, Matondoni

Assalaam alaykum wenzangu wa baharini.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mashua hapa Matondoni, kisiwani Lamu. Nimekulia chini ya vyombo vilivyolazwa ufukweni, nikishika taruma huku yeye akipiga msumari. Kalafati ya kuziba maungio naijua, deheni ya mafuta na chokaa naijua, mbao nikiigonga kwa kidole najua kama imeoza ndani. Sasa nimepata chombo ambacho sikijui hata kwa kukigonga.

Kuna mgeni aliyekuwa na nyumba upande wa Manda. Alipohama alimwachia mlinzi wake boti ya alumini ya futi 14, kwa maandishi, na mlinzi ameniuzia mimi. Ilikaa chini ya mkwaju miaka sita, imejaa majani na maji ya mvua. Viti vitatu, imeungwa kwa ribiti. Sakafu ya plaiwudi ilikuwa imeoza, na chini yake kulikuwa na sponji ngumu imelowa chapachapa. Nilipoibandua nikakuta unga mweupe kama chumvi na vishimo vidogo vidogo, kimoja kinapitisha mwanga. Ubao wa tezi, pale inapofungwa mashini, umekuwa kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Nilivyopanga: maungio niyapige pamba na sifa, yale mafuta ya papa, chini nipake deheni halafu rangi nyekundu iliyobaki kwenye mashua ya ami yangu. Ubao wa tezi niweke mbao ya kijani, ile iliyotiwa dawa, na misumari ya shaba ya baba ninayo kopo zima.

Mashini nimeonyeshwa mbili. Ya kwanza iko Mokowe, Yamaha Enduro 15 tustroki, ile ya kuchanganya oili na petroli, shafti (mguu wa mashini) ndefu, wanataka 120,000. Ya pili iko mjini Amu (Lamu), fostroki ya hosipawa 20, shafti fupi, 185,000. Kazi yangu ni kumpeleka mama mjini na mikeka yake, na kuvua ndani ya mlango wa bahari wa Mkanda. Kusi ikivuma sitoki nje. Nichukue ipi?

Fundi wa Gatini, Amu

Waalaykum salaam. Kijana, usipake kitu chochote bado. Babako nilimjua kwa kazi yake na sisemi haya kumvunjia heshima. Ulivyovitaja vyote ni dawa za mbao, na karibu vyote vitaila hiyo boti.

Shaba kwanza. Shaba na alumini zikigusana penye maji ya chumvi zinageuka betri, na katika betri hiyo anayeliwa ni alumini. Msumari mmoja wa shaba ukikuponyoka ukalala chini ya sakafu na maji kidogo ya bahari, utakuja kukuta tobo pale ulipolala. Rangi nyekundu ya chini ya mashua nguvu yake ni shaba. Mbao ya kijani nayo, dawa yake ina shaba. Deheni haina shaba lakini ina chokaa, na chokaa iliyolowa hula alumini. Pamba na sifa usihangaike nazo: mbao huvimba ikaibana pamba, bati halivimbi. Na nakuomba sana, usiipitishe moto wa makuti kama mashua ya mbao. Alumini ikipata moto hulegea.

Ule unga mweupe ndiyo kutu yake. Umetoka kwa ile sponji, ilikuwa inashika maji na kuyabana kwenye bati usiku na mchana. Itoe yote, hata iliyoonekana nzima, usiirudishe. Osha kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, sugua kwa brashi ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu, na iwe mpya. Brashi ya chuma cha kawaida huacha vipande vya chuma ndani ya bati na vinaanza kutu vyenyewe.

Kisha tafuta panapovuja. Ilaze juu ya mchanga laini au mikeka mikuukuu, chini pawe pamekaa sawa, utie maji ndani kina cha kiganja. Usiijaze, kila lita ni kilo moja na boti haikuundwa kubeba maji ikiwa nchi kavu. Ingia chini na chaki, kila ribiti inayotoa tone iwekee alama. Iliyolegea hubanwa tena: mmoja ndani anashikilia kipande kizito cha chuma, mwingine nje anapiga nyundo taratibu. Iliyokwisha itoboe, weka mpya ya alumini ya aina iliyozibwa mwisho, na gundi ya baharini ya poliyurethane chini ya kichwa chake. Lile tundu la mwanga weka kiraka cha bati la alumini kwa ribiti na gundi, au upate mtu mwenye welda ya gesi ya agoni. Welda ya kawaida ya mageti asikuguse.

Mashini tutazungumza ukishanipa mambo mawili. Kwanza kimo cha tezi, kutoka juu inapokaa klampu hadi chini ya boti. Pili, tazama ndani karibu na tezi kama kuna kibamba cha mtengenezaji.

Sabaki, Malindi

Fundi amesema kweli, mimi niliyalipia hayo. Nilikuwa na ya futi 12 hapa Malindi, nikivulia upande wa mdomo wa Sabaki. Nilifunga bolti za chuma kisichoshika kutu moja kwa moja kwenye bati, nikidhani maadamu haishiki kutu basi salama. Bolti zilibaki zinang'aa, bati lililozizunguka likawa unga. Siku hizi nakata washa kutoka plastiki ya dumu la maji, moja kila upande, na tundu nalijaza gundi ili bolti isiguse bati popote. Ubao wa tezi weka plaiwudi ya baharini, uzibe pande zote kwa epoksi mpaka ndani ya matundu ya bolti.

Rangi nayo: ukishapiga msasa usilale. Alumini hujivika ngozi upya mara moja na rangi haishiki juu ya ngozi hiyo. Msasa asubuhi, praima ya alumini asubuhi hiyo hiyo. Kama utailaza majini, tafuta rangi ya chini isiyo na shaba. Kama utaivuta nchi kavu kila jioni, na nakushauri uivute, hiyo ya chini huihitaji.

Kuhusu mashini mimi ni mtu wa fostroki. Haina moshi, petroli inakwenda mbali. Lakini sikiliza nilivyoumia. Nilikwenda kuitazama moja, nikaikuta mwenyewe ameshaiwasha "ili usisumbuke". Ikawaka mara moja, nikalipa. Kesho yake baridi haikuwaka hata kwa dua. Mwambie muuzaji asiiguse mpaka ufike, halafu weka mkono kwenye silinda. Ikiwa ina joto, rudi nyumbani.

Mwana wa Seremala, Matondoni

Nimerudi sasa hivi kupima. Kimo cha tezi ni sentimita 39. Na kibamba kipo, kilifunikwa na tope: watu 4, hosipawa isizidi 15.

Misumari ya shaba nimeirudisha kabatini.

Fundi wa Gatini, Amu

Basi boti yenyewe imekujibu, na zote mbili hazikufai.

Sentimita 39 ni tezi ya shafti fupi, inchi 15. Ile ya Mokowe ni ndefu, inchi 20, itazama sentimita 12 zaidi ya inavyotakiwa. Itakokota maji, itakurushia maji ndani, na kule Mkanda maji yakipwa rafadha italima udongo. Kuna watakaokwambia uinue tezi kwa ubao. Kwenye bati la zamani lililoliwa siwezi kukushauri, mashini italivuta kama mtu anayeng'oa mlango. Ya mjini ina shafti sawa lakini ni 20, na kibamba kimesema 15. Tena fostroki za ukubwa huo ni nzito, nyingi hupita kilo 45, na Enduro 15 ni kama 36. Kwa futi 14 zile kilo zote ziko nyuma ulipokaa wewe.

Subiri 15 ya shafti fupi. Ikipatikana, nipigie makelele hapa nije na kipimo cha kompresheni, mgandamizo wa ndani ya silinda. Silinda mbili zisitofautiane zaidi ya asilimia 10. Legeza skrubu ya chini ya giaboksi: oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, sili ya kuzuia maji imekwisha. Toa rafadha utazame shafti, mara nyingi utakuta mshipi umejizungusha na ndio uliokata sili. Ikiwaka, mkojo wa maji yanayopoza mashini utoke kwa nguvu na usikatike. Nambari ya mashini iwe haijakwanguliwa, na upewe risiti ya mwenyewe.

Bi wa Kizingitini

Mwanangu, mimi ni mwenye vyombo, si fundi. Ninavyo vitatu vya kuvulia kamba, na mashini nimenunua nyingi kuliko gauni. Swali ambalo vijana hawaulizi ni hili: imekunywa nini? Huku kwetu ziko Yamaha zilizoundwa kuanza kwa petroli na kuendelea kwa mafuta ya taa, hizo sawa. Lakini kuna waliokuwa wakitia mafuta ya taa kwenye mashini za petroli tupu, hasa kabla ya 2018, mafuta ya taa yakiwa bado rahisi, haijawekwa ile kodi yake ya shilingi 18 kwa lita. Mashini kama hiyo inawaka, ila imechoka moyoni. Mwulize mvuvi aliyeitumia, usimwulize dalali.

Na mimi nakwambia tustroki, namkatalia huyo wa Malindi kwa heshima. Fostroki ni nzuri mahali ambapo vipuri viko hatua mbili. Ukikwama Mkanda wakati wa magharibi na mamako ndani, plagi na kabureta ya tustroki kila kijana atazifungua. Petroli lita 25, oili nusu lita, na iwe oili ya mashini za boti. Usikisie kwa jicho.

Ukirudi baharini iendeshe ndani ya pipa la maji baridi dakika kumi. Najua maji Matondoni si ya kuchezea. Weka pipa la mvua kwa ajili yake tu.

Mwana wa Seremala, Matondoni

Nawashukuru nyote, Bi nakushika mkono. Wa Mokowe nimempigia nimemwambia hapana, akanielewa, na anasema shemeji yake huko Faza ana 15 fupi iliyokuwa ya petroli tangu mwanzo. Nimemwomba isiwashwe mpaka tufike.

Leo nimeijaza maji hadi kiganja. Ribiti kumi na moja zinavuja, saba ziko chini ya kiti cha katikati ilipokuwa sponji. Mama alikuja kutazama, akauliza mbona unaitia maji ndani badala ya kuitia majini. Nilipomweleza akanitolea mikeka mitatu ya zamani niitandike chini.

Jumamosi binamu yangu anashika chuma ndani, mimi nyundo nje. Fundi, ukipata nafasi njoo na mashua ya saa nne, maji yatakuwa yamejaa.