Naomba ushauri: kisima kimoja, watu mara mbili

Habari zenu wakuu. Kisima chetu cha kijiji kinatoa lita 3,000 kwa saa. Tukipampu masaa 8 tunapata lita 24,000, yaani watu 960 kwa lita 25 kila mmoja. Sasa tuko 1,900, hivyo kila mtu anabaki na lita 12 na ushee. Vilula ni vinne tu, wakati sera inataka kimoja kwa watu 250. Madumu yanapangwa foleni tangu alfajiri.

Tulijaribu kupampu masaa 12. Kufikia saa ya tisa ya kupampu, usawa wa maji ukashuka hadi kwenye pampu, ikaanza kuvuta hewa na kutoa mchanga. Tukarudi masaa 8. Kuongeza simtanki hakusaidii, maana tatizo ni chanzo, si kuhifadhi (ingawa ndicho kila mtu anachopendekeza).

Sensa ya 2022 ilionyesha ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka kitaifa. Kwa kasi hiyo, miaka 20 ijayo tutakuwa kama 3,570.

Naomba kujua: kisima cha pili kikae umbali gani ili visinyang'anyane maji? Na jaribio la kupampu lifanyike masaa mangapi, mwezi gani?