Grupu la chama chetu cha akiba linavunjika kwa siasa za urais. Tuweke kanuni gani kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027?

KatibuNakuru
Wadau, hamjambo. Naomba ushauri kwa wanaoyafahamu mambo haya, na naomba hatua ambazo chama kinaweza kuanza nazo hata kesho asubuhi.

Chama chetu cha akiba kiko Nakuru, Kenya, wanachama arobaini na ushei kutoka makabila matano. Mchango ni wa kila mwezi kwa M-Pesa, na kila mkopo unadhaminiwa na wanachama wawili. Grupu la WhatsApp ndilo ofisi: risiti, ratiba ya mikutano, habari za matanga, yote humo. Siku hizi risiti za mweka hazina zinamezwa na klipu za wanasiasa, na mtu akijibu anajibu kabila la mwenzake, hajibu hoja. Wapo waliojitoa. Mmoja wao ana mkopo, na mdhamini wake, ambaye ni wa mrengo ule mwingine, anataka jina lake litolewe. Juu ya hayo kuna anayewania kiti ambaye ameahidi kukiinua chama kwa pesa taslimu, na wanachama wamegawanyika kuhusu kuzipokea.

Tupige siasa marufuku kabisa? Na usiku wa matokeo tufanyeje?

BiMsimamizi
Ndugu Katibu, usipige marufuku moja kwa moja. Mjadala hautakufa, utahama tu. Watu watafungua vigrupu vya kabila moja moja, na huko hakuna wa kumwambia mtu kwamba hapo umezidi. Tenganisha pesa na maneno.

Grupu la sasa libaki kuwa ofisi. Ingia kwenye mipangilio, weka kwamba wanaoweza kutuma ujumbe ni wasimamizi peke yao. Mwanachama mwenye swali la risiti amwandikie mweka hazina kando, na jibu linalowahusu wote lipandishwe na msimamizi. Kisha fungua grupu la pili, liite Baraza, la hiari, kwa kiungo cha mwaliko. Asiyetaka siasa hapotezi chochote kwa kutoingia, na anayetoka Baraza kwa hasira bado anaziona risiti zake.

Ndani ya Baraza kanuni muhimu kuliko zote ni hii: hakuna kilichosambazwa. Andika kwa maneno yako mwenyewe. Ujumbe wenye mshale mmoja wa kusambazwa unaondolewa, wenye mishale miwili ndio kabisa, maana huo umeshapita mikono mingi na hakuna anayejua ulikoanzia. Ubora wa kanuni hii ni kwamba msimamizi halazimiki kuamua lipi kweli na lipi uongo. Anatazama mshale tu. Akianza kuamua ukweli, siku ya pili ataitwa wakala wa mrengo fulani.

Wasimamizi wawe wawili, mmoja kila mrengo, na makubaliano yawe kwamba ujumbe wa mtu unafutwa na msimamizi wa mrengo wake mwenyewe. WhatsApp inamruhusu msimamizi yeyote kufuta ujumbe wa mwanachama, na inaonyesha kwamba msimamizi ndiye aliyefuta. Ukifutwa na mpinzani, hilo tu linazua vita vingine. Kabla ya kufuta, piga picha ya skrini na uihifadhi, kwa sababu kesho mwenyewe atasema hakuandika hivyo. Usiku, tuseme kuanzia saa tatu hadi saa kumi na mbili asubuhi, Baraza lifungwe. Maneno mabaya mengi huandikwa usiku, mtu akiwa peke yake na simu.

WakiliWaMtaa
Kuhusu mkopo: kutoka kwenye grupu si kutoka kwenye chama. Uanachama na udhamini viko kwenye katiba yenu na fomu zilizotiwa sahihi. Mdhamini akitaka kutolewa, alete mdhamini mwingine atakayekubaliwa na kamati na kutia sahihi, au mkopaji alipe kwanza. Bila hayo jina halitoki. Mwandikie kwa karatasi na umpe nakala. Ukimwachia huyu mmoja kwa sababu ya siasa, kufikia Agosti wadhamini wote watakuwa na sababu.

Kuhusu zawadi ya mwanasiasa: msiipokee. Chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, hongo ya kumshawishi mpiga kura ni kosa kwa anayetoa na kwa anayepokea. Kuipitisha kwenye akaunti ya chama hakuisafishi. Inawaingiza nyote, na jina la mweka hazina ndilo litakalokuwa kwenye taarifa ya M-Pesa. Andikeni kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba chama hakipokei pesa, mahema, viti wala mabati kutoka kwa mgombea yeyote mpaka uchaguzi uishe. Kanuni ikiwa ya wote, hakuna atakayesema mmemkataa mtu wake.

Na maneno yenyewe, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inaweka faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki ya kikabila. Maandishi yamo. Wengi wanadhani sheria hiyo ni ya wanasiasa jukwaani. Januari 2022 neno "madoadoa", yaani watu wa makabila mengine wanaoonwa kama doa la kuondolewa, lilipotamkwa kwenye mkutano wa siasa Eldoret, aliyelitamka alikamatwa, kwa sababu watu wa Bonde la Ufa wanakumbuka lilivyotumika kabla ya ghasia za 2007 na 2008. "Kwekwe", yaani magugu ya kung'olewa, nalo limo kwenye jamii hiyo ya maneno. Wewe uko Nakuru, huna haja ya kuelezwa. Maneno ya aina hiyo hayapewi onyo la kwanza. Aliyeyaandika anatolewa Baraza mpaka uchaguzi uishe.

Kariuki_wa_Pembeni
Natofautiana kidogo na BiMsimamizi. Baraza ni zuri wakati wa kampeni, lakini kuanzia mkesha wa kura lifungwe, na lisifunguliwe mpaka mambo ya mahakamani yaishe. Hesabu tarehe, utaona si muda mfupi.

Katiba inaweka uchaguzi Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo ni tarehe 10 Agosti 2027. Tume ya uchaguzi, IEBC, ina siku 7 za kutangaza matokeo ya urais. Baada ya kutangazwa kuna siku 7 za kuwasilisha kesi Mahakama ya Juu, na mahakama ina siku 14 za kuamua. Kila hatua ikitumia siku zake zote, unafika tarehe 7 Septemba. Mwaka 2022 matokeo yalitangazwa 15 Agosti, uamuzi ukatoka 5 Septemba, kuapishwa kukawa 13 Septemba. Na inaweza kuwa ndefu zaidi: mwaka 2017 kura zilipigwa 8 Agosti, zikafutwa 1 Septemba, zikarudiwa 26 Oktoba. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu ya kura na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47, kuna duru ya pili ndani ya siku 30.

Kwa hiyo chama kipange pesa zake kwa kalenda hiyo. Mchango wa Agosti ulipwe kufikia mwisho wa Julai. Msipange kutoa mkopo mkubwa, wala mkutano mkuu wa mwaka, kati ya tarehe 9 Agosti na katikati ya Septemba. Maduka hufungwa, watu husafiri mashambani kupiga kura, mawakala wa M-Pesa huishiwa na floti au hawafungui. Mtu akichelewa kulipa wakati huo, itasemwa anagoma kwa sababu ya siasa, kumbe ni biashara imelala.

BiMsimamizi
Kariuki, kwenye tarehe nakubali. Kwenye kufunga wiki nne nzima sikubali. Siku ya matokeo ndipo uvumi unapouma zaidi, na grupu lenye watu wa pande zote ndilo pekee ambamo uvumi unaweza kukanushwa na mtu aliye karibu na tukio. Lifungwe siku ya kura yenyewe na siku ya kutangazwa. Siku nyingine lifunguliwe jioni kwa muda wa saa mbili, kwa kanuni ileile.

FomuThelathiniNaNne
Hapo kwenye matokeo niongezee, maana ndipo makundi mengi hukosana kwa jambo linaloelezeka kabisa.

Kila kituo cha kupigia kura hujaza Fomu 34A. Eneo bunge hujumlisha kwenye 34B, na taifa kwenye 34C. Mwaka 2022 vilikuwepo vituo 46,229, na IEBC iliziweka 34A kwenye tovuti ili yeyote azifungue. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha, kila kimoja kikianzia fomu zake, na kwa saa nyingi runinga moja ilimwonyesha Ruto akiongoza huku nyingine ikimwonyesha Raila. Watu wakaitana wezi mitaani. Sababu ilikuwa mpangilio wa fomu tu. Ukianza na ngome ya mmoja, huyo ataongoza.

Sasa angalia matokeo ya mwisho yaliyotangazwa: Ruto 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, Raila 6,942,930, sawa na asilimia 48.85. Tofauti ni kura 233,211. Igawe kwa vituo, unapata kura tano hivi kwa kila kituo. Katika uchaguzi wa namna hiyo, "anaongoza kwa laki mbili fomu zikiwa nusu" haimwambii mtu chochote, kwa sababu nusu iliyobaki inaweza kuwa ya ngome ya mwingine. Andika hesabu hii kwenye Baraza wiki moja kabla ya kura. Baada ya kura hakuna atakayeisoma kwa utulivu.

Kanuni ya usiku huo: hakuna tarakimu bila fomu. Anayeleta matokeo alete picha nzima ya 34A, pembe zote nne zionekane. Mkiipata, tazameni nambari ya kituo, ina tarakimu 15, na tatu za kwanza ni za kaunti: 032 ni Nakuru, 047 Nairobi, 027 Uasin Gishu. Fomu inayosemekana ni ya Naivasha ikianza na nambari nyingine, hapo mmeshaikamata. Halafu jumlisheni kura za wagombea, lazima zilingane na jumla ya kura halali. Halali pamoja na zilizokataliwa zisizidi waliosajiliwa, na mwaka 2022 kikomo cha kituo kilikuwa wapiga kura 700, kwa hiyo fomu ya kituo kimoja yenye kura 900 haikuwezekana. Mwisho tafuteni sahihi ya afisa msimamizi wa kituo na za mawakala wa wagombea, kisha mfungue fomu ileile kwenye tovuti ya tume na kuzilinganisha. Zikitofautiana, msiitangaze kuwa wizi. Mpelekeeni wakala mkuu wa mgombea wa eneo bunge, yeye ana nakala yake ya kituoni na ndiye mwenye njia ya kulalamika.

Sahihi ya wakala kukosekana pekee haibatilishi fomu. Wakala anaweza kukataa kutia sahihi au akawa hayupo. Hili huwashwa moto kila uchaguzi.

TakwimuDada
Kabla ya hapo kuna kura za maoni, nazo huvunja urafiki bure. Sheria ya 2012 ya kuchapisha kura za maoni za uchaguzi inataka mchapishaji aseme nani amelipia, waliohojiwa ni wangapi, lini na kwa swali gani, na inazuia kuchapisha matokeo ndani ya siku 5 kabla ya uchaguzi. Ukiona "utafiti mpya" siku mbili kabla ya kura, ondoa.

Waliohojiwa wakiwa 2,000, kiwango cha makosa ni takriban asilimia 2.2 juu au chini kwa kila mgombea. Mmoja akiwa na 46 na mwingine 43, hakuna wa kusherehekea. Na 2,000 hao ukiwagawa kwa kaunti 47, ni kama watu 42 kila kaunti, makosa yanafika asilimia 15. Anayebishana kuhusu "Nakuru imehama" kwa jedwali la namna hiyo anabishania watu 42.

Mzalendo_Rongai
Kwa ufupi. Bandikeni pia Jedwali la Nne la Katiba, au angalau muhtasari wake. Nusu ya matusi ni kuhusu zahanati, chekechea na barabara za mitaani, ambazo ni kazi ya kaunti. Shule za msingi na upili, polisi na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu. Mtu akimlaumu au kumsifu mgombea urais kwa zahanati, mwulizeni gavana alifanya nini. Mabishano hushuka moto haraka mno.

KatibuNakuru
Nawashukuru sana. Nimeandika rasimu: Ofisi ya wasimamizi tu, Baraza la hiari, hakuna kilichosambazwa, hakuna tarakimu bila fomu, chama hakipokei kitu kutoka kwa mgombea. Mwenyekiti anataka tuongeze faini ya shilingi 200 kwa anayevunja kanuni. Mnaonaje?

BiMsimamizi
Hapana kwa faini. Mwenye pesa atalipa 200 na kutukana, na asiye nazo atasema anatozwa kwa kabila lake. Tena inamgeuza mweka hazina kuwa hakimu, naye ndiye mtu ambaye pande zote zinapaswa kumwamini. WhatsApp haina njia ya kumnyamazisha mwanachama mmoja ndani ya grupu, unaweza tu kumtoa. Ndiyo maana Baraza liko peke yake. Kosa la kwanza, msimamizi wa mrengo wake amwandikie faraghani. La pili, atolewe Baraza siku 7 kisha arudishwe. Kwenye Ofisi anabaki muda wote.

WakiliWaMtaa
Na rasimu hiyo isipitishwe kwa dole gumba kwenye simu. Ichapisheni, isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa ana kwa ana, kila mwanachama atie sahihi na nambari ya kitambulisho, waliojitoa kwenye grupu wakiwemo. Fanyeni hivyo kabla tume haijaidhinisha wagombea. Majina yakishakuwa kwenye karatasi ya kura, kila kifungu kitasomwa kana kwamba kimeandikwa kumlenga mtu fulani, na hamtapata sahihi zote.