Mwanafunzi wa sekondari akipelekwa karakana, gharama ya kumfundisha ni ya nani?

Fundi Mageti (mwanzisha mada)
Wadau habari za jioni. Tangu huu mtaala mpya uanze kila mtu anaongelea mkondo wa amali, kwamba dogo akimaliza kidato cha nne atakuwa na ujuzi mkononi, na ili aupate inabidi apelekwe kwenye makarakana na magereji na mahoteli akajifunze kazi ilipo. Sipingi. Nasema mapema nisije nikaeleweka vibaya, sipingi. Ila kwenye mjadala wote huo nimesikia anaongelewa mwanafunzi, mwalimu, mzazi na serikali, fundi hatajwi hata mara moja.

Nina karakana ya kuchomelea hapa Morogoro, mageti, madirisha, vitanda vya bweni, tuko watatu. Mwaka jana shule moja ikaniletea vijana wanne wa kidato cha tatu, barua ina mhuri mkubwa, wiki tatu. Mwalimu akapiga nao picha nje akaondoka, sikumwona tena mpaka siku ya kusaini. Ovaroli hawana, miwani hawana, wawili wamevaa ndala. Siku ya pili mmoja akakodolea mwanga wakati naunga bawaba, usiku macho yamevimba anasema kama kamwagiwa mchanga, mama yake ananipigia saa saba usiku, nikaenda na viazi mviringo vya kumwekea machoni kama tunavyofanyiana wenyewe mafundi, asubuhi nikampeleka zahanati kwa hela yangu na geti la mteja likalala siku mbili. Na vijiti vya kuchomelea pakiti mbili ziliishia kwenye vyuma chakavu, maana lazima ajaribu, kuchomelea huwezi kujifunza kwa kuangalia (ndo kwanza utaumia macho).

Swali sasa. Tuwapokee au tusiwapokee? Na tukiwapokea, nani analipa?

Mwl wa Kata
Pole sana kaka, umenisema mimi kabisa ingawa sio mimi. Sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023 imeweka mikondo miwili sekondari, elimu ya jumla na amali, kwenye karatasi ni nzuri sana. Ila mimi mashine ya kuchomelea naichora ubaoni na chaki. Wanafunzi wangu wanajua jina la kila kipande cha hiyo mashine na hawajawahi kuishika, sasa nisipowaleta kwako niwapeleke wapi? Kuhusu kuwafuatilia, nauli natoa mfukoni na vipindi vinanisubiri shule, ukiona nimepiga picha nikaondoka ujue nawahi kipindi.

Mama Wawili
Mi nauliza tu jamani, na hawa wa shule za ada za mamilioni nao wanapelekwa kuchomelea? Au amali ni ya watoto wa shule za kata? Maana nikijibiwa hilo ntajua kama ni elimu au ni kutugawa mapema.

Binti yangu alipelekwa hoteli kujifunza mapokezi. Wiki ya kwanza kakunja mashuka, ya pili kaosha vyombo, ya tatu kaosha vyombo. Hiyo kompyuta ya mapokezi kaiona akipita na ndoo. Halafu anarudi saa mbili usiku na bodaboda, nani anajua huko anaongea na nani? Fundi wewe unalia umepata hasara, wengine wanapata vibarua wa bure kila muhula na hawalalamiki popote.

Spanaboi Mstaafu
Nyie mnabishana kama ni kitu kipya. Mimi nimekaa gereji miaka minne, mwaka wa kwanza naosha nati kwa petroli na kununua chapati za mafundi. Hakuna barua wala mhuri. Baadae nikaenda VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wakanipima nikarasimishwa ujuzi, leo nina cheti. Wiki tatu mtu anajifunza nini? Wiki tatu mi nilikuwa sijajua spana namba 12 na 13 zinatofautianaje.

Nipo Kassel
Shikamooni wakubwa. Nimepitia hii kitu Ujerumani, huku inaitwa Ausbildung, niwape inavyoenda. Unasaini mkataba na kampuni, sio shule inakupeleka kama mzigo. Kwa wiki unakuwa kazini siku tatu au nne, shule ya ufundi siku moja au mbili, miaka miwili mpaka mitatu na nusu. Na unalipwa, tangu 2020 kuna kima cha chini kisheria, mwaka wa kwanza kilianzia euro 515 kwa mwezi. Kwa fani nyingi anayekufundisha inabidi awe amefaulu mtihani wa ualimu wa kazini, kuwa fundi mzuri hakutoshi. Mtihani wa mwisho unasimamiwa na chemba ya wenye viwanda au ya mafundi, mwajiri hakupi cheti kwa kukupenda.

Kampuni inakubali hizo gharama kwa sababu mwaka wa tatu unafanya kazi ya mtu mzima kwa malipo ya mwanafunzi, na ukimaliza wanakubakiza. Kwa hiyo Spanaboi yuko sahihi, wiki tatu ni hasara tupu kwa fundi, faida inakuja baadae sana.

Mzee wa Mchepuo
Vijana, haya tulishayafanya. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, na alichotaka ni mtoto afikirie kazi anayoifanya, ahesabu mbolea, ajue shamba limeingiza ngapi. Baadae zikaja shule za michepuo, kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Nilikosoma mimi shamba likageuka adhabu, ukichelewa namba unapewa tuta kumi, mahindi yakivunwa hatuambiwi yameenda wapi. Tukamaliza tunachukia jembe kuliko tulivyoingia. Angalieni karakana isije ikawa jembe jipya.

Wa Nakuru
Hata sisi Kenya tulipitia hapo bana. 8-4-4, ule mfumo wa miaka minane msingi, minne sekondari na minne chuo, ikianza 1985 kila shule iliambiwa ikuwe na woksho, wazazi wakafanya harambee wakajenga, vifaa vikakosekana, mwishowe masomo ya mikono yakapunguzwa miaka ya 2000 mwanzoni. Saa hii tuko na CBC, mtaala wa umahiri, Gredi 10 wameanza Januari 2026, mtoto anachagua njia yake, sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, ama sanaa na michezo. Wazazi wengi wanasukuma mtoto aende sayansi hata kama mtoi anachora vizuri kuliko wasanii wa mjini. Na hao mafundi wa jua kali tunaotaka wawafunze, hakuna mtu amewaita kwa mkutano.

Mhasibu wa Mtaani
Mnazunguka sana, hela ipo. Kuna tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, mwajiri anailipa kwenye jumla ya mishahara ya wafanyakazi wake, mwaka 2023 ilishushwa toka asilimia 4 hadi 3.5. Jina lenyewe linasema ujuzi. Kipande chake kirudi kwa anayepokea mwanafunzi.

Fundi Mageti
Mhasibu hapo ndo penyewe, ila hujamalizia. SDL inamhusu mwenye wafanyakazi kumi na kuendelea. Mimi niko na wawili. Silipi, na nisipolipa hata ukisema irudi kwa waliolipa itarudi kiwandani na hotelini kule kwa Mama Wawili, na hao madogo wataendelea kuletwa kwangu kwa sababu kiwandani getini kuna mlinzi, kwangu hakuna. Labda iwe inamfuata mwanafunzi alipo, yaani kila kichwa kije na fungu lake la vijiti na vifaa.

Wakili Kivuli
Nichomekee kitu. Sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kwenye kazi za hatari, na imetaja hata sehemu zisizo rasmi. Mafunzo yana nafasi yake kwenye sheria ila kwa masharti, mtoto alindwe na awe amepewa maelekezo ya kutosha. Ndala na macho matupu sio ulinzi. Fundi, dogo angepofuka, barua ya shule yenye mhuri isingekusaidia kitu.

Fundi Mageti
Umenitisha mkuu. Na ni kweli, niliisoma ile barua, inasema "tunaomba apokelewe", hakuna mstari unaosema akiumia iweje.

Mama Wawili, samahani, nilipoanza mada nilikuwa najionea huruma mwenyewe. Ya binti yako ni mbaya kuliko yangu.

Mwl wa Kata
Sasa tusiishie kulaumiana. Nina sita wanataka uchomeleaji kweli, nimewajua. Wiki tatu naziacha, naomba kila Jumamosi mwaka mzima, wawili wawili. Ovaroli tutashonesha hapa shule, mafundi cherehani ni wanafunzi wangu hao hao wa mkondo wa ushonaji. Vijiti naenda kuwabana kamati ya wazazi.

Fundi Mageti
Jumamosi nina wateja wengi... haya, saa mbili mpaka saa sita, baada ya hapo hapana. Waje na viatu. Miwani ya kuchomelea ninazo mbili, ndo maana nakubali wawili. Na barua uiandike upya, umpe Wakili aipitie, sehemu ya akiumia uijaze kabla hujaja kwangu. Picha utapiga ukikaa mpaka saa sita.

Mama Wawili
Wawili wawili hao kuna msichana?

Mwl wa Kata
Wapo wawili dada. Wataanza wao.